Kichwa Ulichokizoea

(Mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya wajawazito na waume zao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza marudio tu.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi, wanangu.

Kabla sijaanza nina ombi kwa yule kijana wa muziki. Baba, punguza hiyo spika. Punguza tena. Hapo hapo. Nimeona kina mama watatu pale dirishani wamejifunika macho kwa ncha za mitandio tangu ulipoanza kupiga taarabu, na mtu wa Tanga haikimbii taarabu hivi hivi. Wale wana kichwa. Nawatambua kwa mbali, maana mimi ni mwenzao tangu nina miaka 14.

Mimi ni mkunga, nimestaafu mwaka juzi. Nimebeba mimba nne, na zote nne nimezibeba na kipandauso. Kwa hiyo nitakayowaambia leo mengine nimefundishwa, mengine nimeyaona kwa wagonjwa, na mengine nimeyatapika kwenye beseni.

Lugha yetu ina mzaha wake. Zamani mwenye kichwa cha namna hii alipelekwa kwa fundi wa kuumika. Fundi anamchanja pembeni mwa paji, anambandika pembe, anafyonza hewa mpaka damu inavutika. Pembe ile ndiyo chuku, na mgonjwa ndiye aliyepigwa chuku. Leo mwanamke akilala mchana na kanga usoni, wifi anapita mlangoni anasema, "Huyu naye kwa kupiga chuku!" Neno lile lile. Lilikuwa tiba yake, sasa limekuwa tusi lake. Na akiwa na mimba ndiyo kabisa, ataambiwa anadeka.

Basi mniruhusu niwaonyeshe hicho kinachoitwa kudeka. Kwangu kinaanza machoni. Nimekaa nachagua mchele, mara punje zinapotea katikati ya ungo. Mchele upo, kidole kinaugusa, jicho halioni. Pembeni mwa ile sehemu iliyofutika unatokea mstari wa vipembe vipembe, unameta kama bati juani, unatanuka taratibu kwa dakika 20 au 30, kisha unaondoka. Hapo najua muda nilionao ni wa kuuosha ule mchele na kuutia chunguni, basi. Kichwa kinakuja upande wa kushoto, nyuma ya jicho, kinagonga sawasawa na mapigo ya moyo. Nikiinama kinaongezeka. Nikipanda ngazi kinaongezeka. Kijiko kikigusa sahani jikoni nakisikia kwenye meno. Halafu ndiyo beseni.

Wengi wenu huo mstari hamuuoni, kinawaingia moja kwa moja. Lakini hayo mengine mnayajua: upande mmoja mara nyingi, kugonga, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele. Kisipotibiwa kinaweza kukaa saa nne tu, kinaweza kukaa siku tatu. Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, una jina lake vitabuni, na wanawake wanaupata mara tatu zaidi ya wanaume. Akina baba mliokaa nyuma, hiyo hesabu mwondoke nayo.

Sasa mimba inakifanya nini kipandauso? Miezi mitatu ya kwanza, kwa wengi, inakichokoza. Unatapika, huli, maji hayakai tumboni, usingizi wa vipande vipande. Ukiingia mwezi wa nne hivi, zaidi ya nusu ya wanawake wenye kipandauso wanapata nafuu, na wengine kinatoweka kabisa mpaka wajifungue. Sababu ni homoni inayoitwa estrojeni. Kipandauso hakipendi estrojeni inaposhuka ghafla, ndiyo maana wengi wenu kilikuwa kinawatembelea karibu na siku zenu. Katika mimba inapanda na kubaki juu, kichwa kinatulia. Mtoto akishatoka inaporomoka, na kichwa kinaweza kurudi wiki ileile ya kwanza, kabla hata wageni wa uzazi hawajaisha. Wale wa kuona vipembe kama mimi bahati yetu ni ndogo zaidi. Nafuu ya mimba inatupitia kando mara nyingi. Mimi mimba moja tu kati ya nne ndiyo ilinipumzisha, na hiyo nitaisema baadaye.

Mtoto je? Maumivu ya kipandauso hayamdhuru mtoto. Mnaulizwa na majirani mpaka mnaingia hofu, na hofu nayo inaleta kichwa.

Nilipokuwa kazini alikuwa akija mama lishe mmoja, mimba ya miezi mitano, kichwa mara tatu kwa wiki. Alitaka dawa. Nilimpa kalamu nyekundu. Nikamwambia kila siku ya kichwa, piga alama kwenye kalenda. Baada ya wiki nne alikuja na kalenda yenyewe aliyoibandua ukutani, ameikunja kwapani kama mkeka. Alama 12: Jumatatu, Alhamisi, Jumamosi, Jumatatu, Alhamisi, Jumamosi. Kumbe hizo ndizo siku anazokwenda sokoni mwenyewe. Anaamka saa kumi alfajiri, anarudi na mizigo, anawasha mkaa, anawapa chai na chapati makondakta wote wa stendi.

"Na wewe unakula saa ngapi?"

"Saa nane, nikishaosha masufuria."

"Maji?"

Akacheka. Maji anakunywa jioni, kwa sababu akinywa asubuhi atatafuta choo, na choo cha stendi ni cha kulipia.

Mwanamke anayelisha watu 50 kwa siku, mwenyewe anashinda na njaa na kiu, na moshi wa mkaa usoni. Tulikubaliana mambo madogo. Viazi vitamu vya kuchemsha vya jana usiku anavitia kwenye mfuko, anakula akiwa njiani. Chupa ya maji anamaliza kabla ya saa nne asubuhi, na hela ya choo anaihesabu ndani ya gharama za biashara kama anavyohesabu mafuta. Mkaa anawasha msaidizi wake, nje. Sikumponya. Mwezi uliofuata alama 12 zilikuwa 5. Alinionyesha zile tano kama mtu anayeonyesha cheti.

Kila mtu ana wachokozi wake, kwa hiyo usiige orodha ya jirani. Mwingine ni usingizi mchache, mwingine ni usingizi uliozidi wa Jumapili. Mwingine jua la saa saba bila mwavuli. Mimi ni udi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifukiza udi kila Alhamisi jioni, na mimi kila Alhamisi usiku nilikuwa sina kichwa cha binadamu. Ilinichukua miaka miwili kumwambia, nikidhani ataniona namkataa na desturi zake. Akaniambia, "Si ungesema, mwanangu?" Akahamishia chetezo chumbani kwake na kufunga mlango. Miaka miwili!

Kahawa nayo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaopitisha miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Mimi huwaambia vikombe viwili vya kahawa au chai ya rangi vinatosha. Lakini wewe uliyekuwa unakunywa vitano usikate siku moja. Kukata ghafla nako kunaleta kichwa. Punguza kikombe, subiri siku kadhaa, punguza kingine.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, Ramadhani. Njaa na kiu ni katika wachokozi wakubwa. Dini yenyewe imempa mjamzito ruhusa ya kufungua akihofia nafsi yake au mtoto, muulize shekhe wako namna ya kulipa. Ninayemsema hapa ni yule anayejua ruhusa ipo lakini anaona haya kuonekana na kikombe mchana. Kula ndani, mwanangu. Anayekuchungulia dirishani ana dhambi yake mwenyewe.

Tuje kwenye dawa, maana najua ndizo zilizowaleta.

Kikianza, usisubiri kikomae. Ingia chumba chenye giza, kitambaa cha maji baridi kwenye paji, maji funda moja moja, kitu kidogo tumboni kama kinakaa. Tangawizi kwenye chai inasaidia kichefuchefu. Dawa ya kwanza ni parasetamoli, ile mnayoiita panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine. Vidonge viwili vya miligramu 500, mapema, si saa sita baadaye baada ya kujikaza. Unaweza kurudia baada ya saa nne hadi sita, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye mwili mdogo sana au ugonjwa wa ini aulize kwanza, yeye kipimo chake ni pungufu.

Najua kuna ujumbe umezunguka kwenye simu zenu kwamba parasetamoli inaleta usonji kwa mtoto. Ulianza kuvuma Septemba 2025, baada ya maneno ya viongozi wa Marekani. Siku hizo hizo Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa jambo hilo. Na mwaka 2024 ulikuwa umetoka utafiti wa Sweden wa watoto karibu milioni 2.5. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama yake alimeza dawa akiwa na mimba yake, mwingine hakumeza, tofauti haikuonekana. Tumia kwa haja, kipimo kidogo kinachokutosha, siku chache. Kama ilivyokuwa siku zote.

Nisikilizeni zaidi hapa. Ibuprofeni na diklofenaki, zile mnazopewa dukani mkisema tu "nipe ya maumivu", usimeze kwa kujiamulia ukiwa na mimba, na ukifika wiki ya 20 kaa nazo mbali. Zinaweza kubana figo za mtoto mpaka maji ya uzazi yakapungua, na kuelekea mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Vile vidonge vya mchanganyiko soma kasha, utakuta aspirini imejificha humo. Ila kama daktari amekuandikia aspirini ndogo ya kila siku ili kukukinga na presha ya mimba, hiyo ni habari nyingine, usiiache. Ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, inakaza mfuko wa uzazi. Mjamzito haitumii kabisa. Na aliyekuwa anatumia sodiamu valproeti kuzuia kipandauso, amwone daktari wiki hii, na anayepanga mimba aende kabla. Dawa ile inaharibu maumbile ya mtoto na akili yake. Kama unaitumia kwa kifafa usiiache mwenyewe, nenda ubadilishiwe. Zipo dawa za hospitali kwa waliozidiwa, za kutuliza na za kuzuia, daktari atachagua. Ninachotaka ni kwamba ukifika dukani, neno la kwanza mdomoni liwe "nina mimba". Muuzaji hana macho ya kuona mimba ya miezi miwili.

Kingine, kichwa cha dawa. Ukimeza vituliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, vyenyewe vinaanza kuleta kichwa. Unameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu unameza. Ukiona unavuka siku mbili kwa wiki, njoo tuongee.

Sasa ile mimba niliyosema nitairudia.

Ilikuwa ya tatu, mwaka 2003. Ndiyo iliyonipumzisha, tangu mwezi wa nne sikuona mstari wala beseni, nikawa natembea nasifu. Wiki ya 34, jioni, kichwa. Nikamwambia mume wangu, "Kimerudi." Akafunga madirisha, akaniletea kitambaa, akawatoa watoto nje. Nilikuwa nimemfundisha vizuri. Nikameza viwili nikalala. Asubuhi kipo. Nikameza tena. Siku ya pili kipo.

Nikikumbuka leo naona aibu, maana kila kitu kilikuwa kinaniambia. Hakikuwa upande mmoja, kilikuwa kichwa kizima, kama nimevaa kofia ya chuma iliyonibana. Mstari wangu wa vipembe haukuwepo. Kulikuwa na vimulimuli tu vinavyopita. Giza halikunisaidia chochote. Pete ilikuwa imekwama kidoleni, nikasema ni joto la Februari. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha wenzenu dalili za hatari kila Jumanne kwa bango la picha, nilikuwa na jina tayari la kichwa changu, na jina likanifumba macho.

Siku ya tatu niko zamu. Mwanafunzi wa ukunga anatafuta mkono wa kujifunzia kupima presha, nikampa wangu ili apate kujaza daftari lake. Akajaza upepo, akasikiliza, akaachia. Akajaza tena. Nikaona anaitazama ile zebaki bila kuniangalia mimi. Nikamuuliza ngapi, akasema, "Sista, nadhani nimekosea." Nikamwambia apime mara ya tatu na aseme anachokiona. 165 kwa 110.

Hakukosea. Mkojo ulipopimwa protini ilikuwa tele. Kumbe ilikuwa presha ya mimba. Mwaka mmoja nyuma yake, 2002, yalikuwa yametoka matokeo ya utafiti mkubwa wa sindano ya magnesiamu, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukionyesha kwamba sindano ile inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa nimeisoma habari hiyo kwenye semina. Sasa nilikuwa naisikia ndani ya mshipa: moto unaoanzia kifuani, unapanda shingoni, unafika ulimini. Nilizalishwa. Mtoto alikuwa mdogo, akakaa kifuani kwangu kwa kanga wiki nyingi. Leo ana simu inayoizidi yangu bei.

Hii ndiyo sababu nimekubali kuja kusimama hapa. Mwanamke asiye na mazoea ya kichwa, kikimuuma katika mimba anashtuka, anakwenda zahanati. Sisi wa kipandauso hatushtuki. Sisi tuna kitambaa chetu, giza letu, vidonge vyetu, na mume aliyefundishwa kufunga madirisha. Na sisi hao hao ndio presha ya mimba inawapata zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo ukishavuka wiki ya 20, kichwa chochote, hata kinachofanana na chako cha kila siku, kipimwe presha kwanza ndipo kipewe jina. Ikifika 140 kwa 90, unakwenda kituoni siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110, unakwenda sasa hivi, na hata kama ni usiku wa manane. Na kama kichwa kina ukungu machoni, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono iliyovimba ghafla, usitafute kwanza mashine ya kupimia. Nenda.

Na hatari hii haiondoki na kondo. Presha inaweza kupanda, na kifafa kikaja, hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Msimwambie mzazi wa siku tano kwamba kichwa ni cha usingizi wa kunyonyesha. Mpimeni.

Kichwa cha ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, kinachofika kileleni kwa dakika moja. Kichwa chenye shingo iliyokakamaa. Kichwa chenye mkono au mguu uliolegea, maneno yanayopotea, degedege. Hivyo ni vya hospitali bila mjadala. Chenye homa, pima malaria, usikisie. Dawa ipo, na ukipimwa ukakutwa nayo utapewa. Na ukihisi moyo unakwenda mbio na unachoka kwa kupanda ngazi tatu, omba waangalie kama damu imepungua.

Kadi yako ya kliniki ina mahali pa kuandika presha kila unapohudhuria. Ijue. Ukiona wamekupima uzito, wamekupapasa tumbo, na pale pamebaki peupe, usinyanyuke kwenye kiti. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Akina baba, nyinyi sina mengi. Akilala, toa watoto, punguza redio, pika hata kama ni uji. Na ikishapita wiki ya 20 usiishie kufunga madirisha kama yule wangu. Namba ya bodaboda unayemwamini iwe kwenye simu yako kabla hujaihitaji, na hela yake iwe pembeni.

Sasa pale nyuma kuna wanafunzi wawili wa ukunga na mashine mbili. Kina mama wa dirishani, nyinyi watatu ndio wa kwanza. Kaeni dakika tano mpumue, mgongo uegemee kiti, miguu yote chini, msikunje nne, na msiongee wakati anapima. Akipima mara mbili usimkasirikie.

Na wewe kijana, spika iache hivyo hivyo.